Kantangaze, nzi au ukungu? Kutatua mabaka, michirizi na matundu kwenye nyanya

Swali linaloletwa mara nyingi kuliko yote ni hili: "Majani ya nyanya zangu yameota mabaka meupe, nipige dawa gani?" Jibu langu halibadiliki. Kabla ya dawa, chuma jani moja lenye baka, liinue lielekee jua, utazame kilichomo ndani.

Nasema hivyo kwa sababu msimu wangu wa kwanza sikutazama. Niliona mistari kwenye majani, nikaambiwa ni nzi wa majani, nikanunua siromazini, dawa inayoua mabuu ya nzi peke yake. Nilipuliza wiki tatu. Kumbe ndani ya jani alikuwemo kiwavi wa nondo, na kiwavi wa nondo hadhuriki na dawa hiyo. Nilipokuja kulichana jani kwa mwiba na kumwona, matunda ya chini yalikuwa yameshatobolewa.

Mdudu mwenyewe ni Tuta absoluta, ambaye vitabu vipya vinamwandika Phthorimaea absoluta baada ya kurudishwa kwenye jenasi yake ya zamani. Majina mawili, nondo mmoja. Asili yake ni Amerika Kusini, na Meyrick, mtaalamu wa nondo kutoka Uingereza, alimpa jina la kisayansi mwaka 1917 kutokana na vielelezo vya Peru. Alionekana Hispania mwaka 2006, akavuka kuingia Afrika Kaskazini, akateremka kusini kwa kasi. Tanzania aliripotiwa mara ya kwanza mwaka 2014 kijijini Ngabobo, wilaya ya Arumeru, mkoani Arusha. Wakulima wakamwita kantangaze, na jina linajieleza: kanitangaze, nenda ukawape habari wenzako.

Mwongozo huu umepangwa kwa dalili. Tafuta unachokiona shambani, kisha pitia sababu kuanzia ya kwanza, maana ndiyo inayotokea zaidi. Vifaa ni vichache: sindano au mwiba, karatasi nyeupe, na lenzi ya mkononi ya kukuza mara 10, ile wanayotumia masonara. Ukiiweka lenzi hiyo mbele ya kamera ya simu na kutuliza mkono, unapata picha ambayo bwana shamba anaweza kuisoma akiwa mbali.

Dalili ya 1: Mabaka mapana, meupe au ya kahawia, jani limekuwa kama karatasi ya nailoni

*Sababu ya kwanza: kantangaze.* Elekeza jani kwenye jua. Baka la kantangaze linapitisha mwanga, kwa sababu kiwavi amekula nyama yote ya kati na kuacha ngozi mbili tu, ya juu na ya chini. Kwenye mwanga huo utaona kivuli cheusi cha kinyesi, na mara nyingi kimerundikana upande mmoja wa baka, kama takataka zilizofagiliwa kwenye pembe ya chumba. Kando yake kuna kivuli kingine chembamba. Kiguse kwa sindano ukiwa juu ya ngozi ya jani. Kikisogea, umempata.

Sasa chana ngozi ya juu taratibu na umtoe kwenye karatasi nyeupe. Hapa usiwe na haraka, maana mambo yote yanayofuata yanategemea unachokiona sasa. Kiwavi mdogo ana urefu wa milimita 1 hivi, rangi ya maziwa, kichwa cheusi. Anavyokua anageuka kijani, na aliyekomaa ana milimita 8 hivi na mgongo wenye wekundu wa waridi. Tafuta mambo matatu. Kwanza, ana kichwa kigumu kinachoonekana wazi. Pili, ana miguu: jozi tatu nyuma ya kichwa, na miguu minene mifupi chini ya tumbo. Tatu, nyuma ya kichwa, kwenye shingo, ana mstari mwembamba mweusi juu ya ngozi nyeupe. Mstari huo ndio kitambulisho chake. Kwenye lenzi unaonekana kama uzi mweusi uliofungwa shingoni bila ncha zake kugusana vizuri.

Usipomkuta kiwavi, usihitimishe kwamba siye. Kantangaze hutoka kwenye handaki lake na kwenda kuchimba jingine, hata kwenye jani la pili. Baka tupu lenye kinyesi na kitundu cha kutokea ni la kwake. Chuma majani kumi, usichume moja.

*Sababu ya pili: nzi wa majani waliozidi.* Mistari ya nzi ikiwa mingi huungana, na kwa mbali jani huonekana lina baka moja kubwa. Angalia ukingoni mwa baka: ukiona mistari inayojipinda ikiingia na kutoka, nenda kwenye dalili ya 2.

*Sababu ya tatu: bakajani tangulia.* Huu ni ukungu, na wengi wanauchanganya na kantangaze baka linapokauka na kugeuka kahawia. Tofauti haihitaji lenzi. Baka la ukungu lina duara ndani ya duara, kama shina la mti lililokatwa, na mara nyingi limezungukwa na umanjano. Lichane: hakuna uwazi ndani yake, wala kinyesi. Bakajani chelewa nayo huja kama doa lililoloa maji, na asubuhi yenye umande hutoa ukungu mweupe chini ya jani. Mankozebu inakinga dhidi ya ukungu, haimgusi mdudu. Dawa ya wadudu nayo haitibu ukungu.

*Sababu ya nne: jua au dawa kali.* Mabaka yametokea shamba zima kwa siku moja au mbili, yote upande wa juu wa majani, na ulikuwa umepuliza mchana wa jua au umezidisha kipimo. Hayana kinyesi na hayaongezeki. Acha kupuliza. Majani mapya yatatoka safi.

Dalili ya 2: Michirizi myembamba inayojipinda kama njia ya konokono

*Sababu ya kwanza: nzi wa majani wa jenasi Liriomyza,* ambao sehemu nyingi wanaitwa vidomozi. Jina hilo linaleta vurugu, maana wengine wanamwita kantangaze kidomozi vilevile. Muuzaji dukani akikwambia "hii ya vidomozi," muulize: vidomozi wa nzi au wa nondo?

Mchirizi wa nzi huanza mwembamba kama uzi na kuendelea kupanuka kidogokidogo, ukiwa na kinyesi cheusi kilichochorwa kama mstari wa wino katikati au kando kwa kando. Buu akitolewa kwenye karatasi hana miguu wala kichwa. Ana rangi ya manjano, na mbele ana kulabu nyeusi za mdomo zinazokwenda huku na huku. Hazidi milimita 3. Kwenye majani mengine utaona vidoto vyeupe vingi kama vimetobolewa kwa pini. Hapo nzi jike alitoboa ili afyonze au atage. Nzi mwenyewe ni mdogo, mweusi mwenye manjano, na ana doa la njano mgongoni.

Kuna kipimo rahisi zaidi ya lenzi: angalia mazao jirani. Nzi hawa wanakula karibu kila kitu, maharage, matango, tikiti, spinachi. Kama matango yako yana michirizi ileile, una nzi. Kantangaze anashikamana na ukoo wa nyanya: nyanya yenyewe kwanza, kisha viazi mviringo, biringanya, nyanya chungu, na magugu ya ukoo huohuo kama mnanaha. Hata mnavu, ile mboga Wakenya wanaita managu, unaweza kumhifadhi.

Nzi wakiwa wachache, usipulize chochote. Mmea wenye majani mengi huvumilia michirizi, na nyigu wadogo vimelea huwamaliza mabuu wakiwa ndani ya jani. Wanaoleta mlipuko wa nzi mara nyingi ni sisi wenyewe, kwa kupuliza dawa zinazoua kila kitu na kuwafagia nyigu. Ondoa majani ya chini yaliyoathirika sana, weka karatasi za njano zenye gundi, ngoja wiki moja, hesabu tena. Michirizi ikipanda hadi majani ya juu ya mmea mchanga, ndipo uchukue dawa ya nzi.

*Sababu ya pili: kantangaze wa siku za mwanzo.* Kiwavi aliyeanguliwa leo naye huchimba njia nyembamba kabla ya kuipanua kuwa baka. Kama huna uhakika, funga uzi mwekundu kwenye jani hilo na ulirudie baada ya siku tatu. Njia iliyovimba na kuwa chumba ni ya kantangaze. Iliyoendelea kujipinda ni ya nzi. Siku tatu hizo hazikupotezei shamba.

Dalili ya 3: Ncha ya mmea imekauka au chipukizi limenyauka, mmea uliobaki ni mzima

Kantangaze akiingia kwenye ncha au kwenye kikwapa cha tawi, ncha hufa na mmea hauongezeki urefu. Tazama pale kikonyo kinapoungana na shina: kitundu chenye unga wa kinyesi mlangoni kinatosha kuwa ushahidi. Chana shina kwa wembe kwa urefu.

Mche uliokatwa usawa wa ardhi ni kazi ya sota, anayejificha kwenye udongo karibu na shina; chimbua kwa kidole utamkuta amejikunja. Na mmea mzima ukinyauka mchana huku majani yakiwa hayana hata handaki moja, hiyo ni mnyauko. Kata kipande cha shina la chini, kitumbukize kwenye glasi ya maji safi. Ute mweupe ukiteremka kama moshi, ni bakteria. Simama hapo. Hakuna dawa ya kupuliza inayoponya mnyauko wa bakteria. Ng'oa mmea na udongo wake, usipeleke jembe hilo sehemu safi bila kuliosha, na umwite afisa ugani kabla hujapanda tena nyanya, viazi au biringanya hapo.

Dalili ya 4: Matunda yana matundu

Pima tundu kwa macho. Kitundu cha ukubwa wa kichwa cha pini, karibu na kikonyo au chini ya majani yale madogo ya kofia ya tunda, chenye kinyesi mlangoni, ni cha kantangaze. Inua kofia hiyo kwa ukucha, ndipo anapopenda kuingilia. Tunda likikatwa lina njia kavu chini ya ngozi, na baada ya siku chache bakteria na ukungu huingia humo tunda likaoza. Tunda namna hii likiingia kwenye tenga, lina kiwavi ndani, na tenga hilo hupeleka mdudu sokoni na kwenye shamba la mnunuzi.

Tundu pana linaloweza kupitisha penseli ni la funza wa matunda, Helicoverpa armigera. Huyu ni mkubwa, hufika sentimita 3 hadi 4, na mara nyingi unamkuta kichwa kikiwa ndani ya tunda na mkia nje. Hachimbi majani. Dawa nyingi za viwavi zinawafaa wote wawili, ila funza huyu lazima akutwe mdogo, kabla hajazama ndani ya tunda.

Doa jeusi lililobonyea kitakoni mwa tunda, bila tundu, ni kuoza kitako. Hakuna mdudu hapo. Kalsiamu haikufika kwenye tunda, na kisababishi kikubwa ni umwagiliaji wa kuruka: siku tano kavu, siku moja mafuriko. Rekebisha maji kwanza.

Dalili ya 5: Nimepuliza na kupuliza, bado wapo

Mama mmoja wa Ilula, mkoani Iringa, alinipokea shambani kwake na chupa tatu mkononi. "Mwanangu, nimepiga dawa mara nne mwezi huu. Huyu mdudu hafi." Nikamwambia, "Mama, hebu tuanze na jani." Tulichuma majani kumi. Saba yalikuwa na viwavi hai. Kisha nikamwomba anisomee chupa: majina ya biashara matatu, lakini kwa maandishi madogo zote zilikuwa kundi moja, pareto za viwandani. Alikuwa amepiga dawa moja mara nne kwa majina matatu.

Hiyo ndiyo sababu ya kwanza na nimeikuta mara nyingi kuliko nyingine zote. Kantangaze ana sifa duniani kote ya kuzoea dawa, na pareto za viwandani na organofosfati, kundi jingine la dawa za zamani, ni miongoni mwa alizozizoea. Hata dawa mpya zaidi, zile za kundi namba 28 kama klorantraniliproli, zimeshashindwa katika sehemu za Italia, Ugiriki na Brazili. Angalia lebo, tafuta namba ya kundi, ile inayoonyesha jinsi dawa inavyomuua mdudu. Abamektini na emamektini ziko kundi namba 6, spinosadi namba 5, indoksakabu namba 22. Tumia kundi moja kwa muda wa kizazi kimoja cha mdudu, kisha hamia kundi jingine kabisa. Kizazi ni muda gani? Kwenye joto la nyuzi 27 mdudu anatoka yai hadi nondo kwa siku 24 hivi. Kwenye nyuzi 20, kama siku 40. Ukanda wa joto unabadilisha kundi karibu kila mwezi, nyanda za juu zenye baridi polepole zaidi.

Sababu ya pili ni mahali dawa inapotua. Mayai ni ya rangi ya malai, hayafiki nusu milimita, na jike mmoja anaweza kutaga 260. Mengi yako sehemu ya juu ya mmea, upande wa chini wa majani. Ukipuliza kutoka juu kama unamwagilia bustani, hukuyagusa. Geuza pua ya bomba itazame juu, pita upande huu wa tuta na ule, hadi chini ya majani yaloe. Pua iliyochakaa hutoa matone makubwa yanayoteleza chini. Kuibadilisha ni rahisi kuliko kununua chupa ya pili.

Ya tatu ni saa. Nondo hujificha mchana na kuruka jioni na alfajiri. Puliza jua linapozama: upepo umetulia, nyuki wamerudi, na dawa kama mwarobaini na ile ya bakteria Bt haziunguzwi na jua. Bt huua kiwavi akiila, kwa hiyo inamfaa aliyeanguliwa sasa hivi, kabla hajazama. Aliye tayari kwenye chumba chake haipati.

Ya nne ni chanzo ambacho hakijazibwa. Majani uliyoyapogoa na matunda uliyoyakataa yako wapi? Kama yamerundikwa pembeni mwa shamba, unafuga nondo. Yatie kwenye mfuko wa nailoni, ufunge mdomo, uuache juani hadi kila kilichomo kife. Shamba la jirani lililoachwa baada ya mavuno nalo ni kitalu cha nondo. Hapo dawa haitoshi. Ongea na jirani, mng'oe masalia kwa pamoja, kisha mpande kabichi, vitunguu au mahindi kabla ya kurudia nyanya.

Ya tano, dawa bandia au iliyopita muda. Lebo iliyobandikwa juu ya lebo, mfuniko ulioguswa, chupa isiyo na namba ya usajili: irudishe.

Simama na umwite mtaalamu ikiwa umetumia makundi mawili tofauti, kwa kipimo cha lebo, jioni, na bado zaidi ya nusu ya viwavi ni hai siku nne au tano baadaye. Usiongeze kipimo. Usichanganye dawa tatu kwenye bomba moja. Hapo unaweza kuwa na usugu, na afisa ugani anapaswa kuupeleka kwa watafiti. Icipe, kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu chenye makao Nairobi, ilileta kutoka Peru nyigu mdogo Dolichogenidea gelechiidivoris, adui wa kantangaze tangu kwao, na kumwachia mashambani Kenya. Nyigu huyo anataga ndani ya kiwavi. Kila bomba la dawa kali isiyohitajika linamuua na yeye.

Simama mara moja ikiwa mpulizaji anatoka jasho jingi, anatokwa mate, kichwa kinamuuma, anaona ukungu machoni au misuli inacheza. Mtoe shambani, mvue nguo zilizoloa, muoshe kwa maji mengi na sabuni, mkimbize hospitali pamoja na chupa au lebo yenyewe. Usimlazimishe kutapika, na usimnyweshe maziwa ukidhani yanatibu.

Na zingatia siku za kusubiri kabla ya kuvuna, zilizoandikwa kwenye lebo. Nyanya inachumwa kila siku chache, kwa hiyo panga chumo kabla ya kupuliza. Watoto wa mtu mwingine ndio watakaoila.

Dalili ya 6: Mtego na majani havikubaliani

Mtego wa feromoni huvuta madume tu, kwa harufu ya jike. Ukijaa nondo huku majani yakiwa safi, una onyo la mapema: wanatoka shamba la jirani, au majike ndiyo kwanza wanaanza kutaga. Kagua chini ya majani ya juu mara mbili kwa wiki. Usipulize kwa sababu ya mtego peke yake.

Mtego ukiwa mtupu huku mabaka yakiongezeka, angalia kwanza tarehe uliyoweka kichokoo, yaani kile kipande chenye harufu ya jike. Vingi huisha nguvu ndani ya wiki 4 hadi 6, na vilivyokaa juani dukani huisha mapema zaidi. Pili, je, umekishika kwa mkono ulioshika kichokoo cha mdudu mwingine? Harufu huchanganyika, tumia kibanio au glavu. Tatu, je, mtego uko usawa wa mimea? Upandishe kadri nyanya zinavyopanda. Nne, pengine si kantangaze kabisa. Rudi dalili ya 2. Jambo moja zaidi: maabara zimeonyesha kuwa baadhi ya majike wa kantangaze wanaweza kutaga mayai yanayoanguliwa bila dume. Ndiyo maana mtego ni wa kuchunguza na kupunguza, haumalizi tatizo.

Mtego wa bei nafuu ni beseni lenye maji, matone ya sabuni ya maji, na kichokoo kimening'inizwa juu kidogo ya maji. Nondo akigusa maji yenye sabuni haruki tena. Ongeza maji kila siku ya jua.

Kumtambua nondo mwenyewe kwenye gundi ni kazi ngumu. Ana milimita 5 hadi 7, rangi ya kijivu chenye kung'aa kama majivu ya mkaa, madoa meusi kwenye mabawa ya mbele, na papasi, yaani pembe za kichwani, ndefu kama uzi wa shanga. Akishanasa kwenye gundi magamba hubanduka na alama hufutika. Nondo wengine wa familia yake wanafanana naye mno.

Dalili ya 7: Mahandaki kwenye majani ya viazi mviringo

Hapa kuna ndugu wawili. Nondo wa viazi, Phthorimaea operculella, huchimba majani ya viazi na kuingia kwenye kiazi chenyewe shambani na ghalani. Kantangaze hula majani ya viazi lakini kiazi si chakula chake. Kwa hiyo ukikuta kiazi kimetobolewa, kina utando wa hariri na kinyesi kwenye macho yake, mshuku nondo wa viazi. Kwenye lenzi, ngao ya shingo ya kiwavi wa nondo wa viazi ni nyeusi yote. Ya kantangaze ni nyeupe yenye ule mstari mweusi. Kiwavi mchanga hasomeki vizuri, mtafute mkubwa.

Lenzi ikishindwa

Kuna nyakati ambapo uhakika hautoki shambani: mdudu asiyefanana na haya yote, kantangaze kuonekana eneo ambalo hajawahi kuripotiwa, au kitalu nyumba cha kuuza miche ambacho mteja anadai kimemletea mdudu. Wataalamu hutofautisha nondo hawa kwa kupasua viungo vya uzazi vya dume chini ya hadubini au kwa kusoma DNA, na hakuna macho ya mkulima yanayoweza kufanya hivyo. Tanzania, peleka kielelezo TARI Tengeru, kituo cha utafiti wa kilimo mkoani Arusha, au kwa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA. Kenya, kwa KALRO, shirika la utafiti wa kilimo, au KEPHIS, wakaguzi wa afya ya mimea. Njia rahisi ni kupitia afisa ugani wa kata au wadi.

Usisafirishe mimea yenye viwavi hai kwenye mfuko wazi ndani ya daladala au juu ya bodaboda. Weka viwavi watano au sita, wakubwa kwa wadogo, kwenye kichupa chenye spiriti ya duka la dawa. Majani yenye mahandaki yabane katikati ya gazeti kavu, siyo kwenye nailoni, yataoza. Kama unataka nondo mzuri asiye na gundi, tia majani machache kwenye chupa ya kioo, funika mdomo kwa kitambaa chembamba, weka kivulini na usubiri. Akitoka, igandishe chupa nzima kwenye friza usiku mmoja kabla ya kuifungua. Andika kwa penseli kwenye kikaratasi na ukitumbukize ndani ya kichupa, kwa kuwa wino wa kalamu utafutwa na spiriti: kijiji, tarehe, zao, na kila dawa uliyopuliza mwezi huo, hata ile unayoona aibu kuitaja.